Hesabu ya mshahara wangu wa kupuliza dawa

Yakima, Juni 2025

Mdogo wangu Bahati,

Yambo sana. Msalimie Papa na Mama, uwasomee barua hii, maana swali la mshahara najua mmeliuliza wote.

Napuliza dawa kwenye mashamba ya matufaha, nalipwa dola 21 kwa saa. Mshahara wa chini wa jimbo hili la Washington mwaka huu wa 2025 ni dola 16.66, na ndio niliokuwa nao nilipokuwa napogoa miti tu. Kilichonipandisha ni leseni: nilisoma, nikafanya mtihani, nikafaulu. Wiki ya saa 40 inatoa dola 840. Ikizidi hapo, kila saa ni dola 31.50. Haki hiyo ya saa za ziada baada ya saa 40 watu wa mashamba ya matufaha wa jimbo hili wameipata mwaka 2024 tu, na sheria ya Marekani nzima mpaka leo haiwapi.

Sasa msizidishe 840 kwa wiki zote za mwaka. Asilimia 7.65 inakatwa ya pensheni na matibabu ya uzeeni, kisha kodi ya serikali, kisha nyumba, kisha gari, kwa sababu kazi inaanza saa tisa usiku kabla upepo haujaamka na hakuna basi la saa hiyo. Matufaha yakishachumwa kupuliza kunakwisha, narudi kwenye makasi kwa pesa ndogo. Pesa ya kiangazi ndiyo inayonilisha wakati wa theluji.

Lakini kitu kinachonifanya nibaki hakiandikwi kwenye karatasi ya mshahara. Kabla ya msimu wanatupima damu, sisi tunaoshika zile dawa kali zinazogonga mishipa ya fahamu. Tukishazishika saa nyingi ndani ya mwezi, wanapima tena. Kuna kitu kwenye damu ambacho dawa hizo hukipunguza; kikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko kilivyokuwa kabla ya msimu, tajiri analazimika kuchunguza tunavyofanya kazi. Kikishuka zaidi, unaondolewa kwenye dawa, unapewa kazi nyingine, na mshahara wako haupunguzwi kwa muda wa hadi miezi 3. Bahati, fikiria: mtu anaugua kwa sababu ya kazi, na bado analipwa!

Ndiyo maana barua yako ilininyima usingizi. Unasema kule kwetu Kabare, Kongo, mnapuliza nyanya kwa pompi ya mgongoni, mnalipwa kwa kila pompi, na dawa inakuja kwenye chupa ya soda. Mikono mitupu. Anayelipwa kwa pompi hataki kusimama kunawa wala kungoja upepo utulie, hilo nalielewa kabisa, na ndipo hatari ilipo. Dawa nyingi hupita kwenye ngozi bila kuunguza, hutajua mpaka kichwa kianze kuuma na mate kujaa mdomoni.

Natuma dola 60 kupitia Kamembe, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, kwa kuwa benki za Bukavu zimefungwa. Hiyo si ya simu. Nunua glavu ndefu za mpira, si za ngozi wala kitambaa, maana hizo zinanyonya dawa; na buti za mpira. Nguo za kazi Mama asizichanganye na za watoto kwenye beseni moja.

Halafu mwambie mwenye shamba akuonyeshe chupa ile dawa iliyotoka nayo dukani. Piga picha ya maandishi yote, unitumie kabla hujapuliza tena.

Kaka yako,
Amani