Raya, usiupande mlima kimya

Kikwajuni, Unguja
Alkhamis usiku

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata Jumapili, inanukia karafuu mpaka mama akauliza nani kamwaga karafuu kwenye mkoba wangu. Nimecheka peke yangu uliponieleza habari za ule mlima wa kutoka bandarini Wete, huko Pemba. Eti daktari kakwambia utembee nusu saa kila siku kwa ajili ya presha, na wewe ukifika katikati unakaa juu ya jiwe kumlalamikia daktari. Kisha waniuliza mie, "mwana mazoezi", kama kweli muziki unasaidia au ni mambo ya vijana tu wa kujitia waya masikioni.

Unasaidia, wallahi. Ila pana pahala unakubeba na pana pahala unakudanganya, na mie yote mawili yamenipata.

Hebu ikumbuke beni. Siku ile tulipotoka skuli tukaifuata ya harusi kutoka Michenzani, tarumbeta mbele, ngoma nyuma, sisi na mikoba yetu begani tunacheza njia nzima hadi Malindi. Nani alisema kachoka? Zilipokuja kunyamaza tarumbeta ndipo miguu ikauma yote kwa mpigo mmoja, na wewe ukataka kubebwa.

Jambo hilo wenzetu wamelipima zamani. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Leonard Ayres, aliandika juu ya mbio za baiskeli za siku 6 mjini New York, ambako bendi ilikuwa ikipiga na kupumzika. Bendi ikipiga, baiskeli zilikwenda karibu kilomita 31 na nusu kwa saa. Ikinyamaza, mwendo ulishuka hadi chini kidogo ya 29. Beni ile ile, Raya, ila wao walikuwa juu ya magurudumu.

Ninavyofahamu ni hivi: uchovu mwingine hauko mguuni, uko kichwani. Mwili unapeleka habari juu kwamba umechoka, na muziki unamshughulisha mpokeaji, habari zikawa zinangoja mlangoni. Costas Karageorghis, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel kule London aliyefanya kazi hii miaka mingi, anasema kwa mazoezi ya kiasi uchovu tunaousikia unaweza kupungua kama asilimia 10. Si haba kwa mtu anayekaa juu ya jiwe! Halafu mguu wenyewe una tabia ya kuufuata mdundo bila kuombwa. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani ya ukumbi, Birmingham mwaka 1998, alikuwa ameomba apigiwe wimbo wa mwendo wa haraka alioupenda, akawa anakimbia nao.

Wewe lakini si Haile, na ule ni mlima. Usichukue nyimbo za mbio. Chukua wimbo, hesabu midundo yake kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Mwendo wa kukaza kidogo kwa watu wa rika letu unaanzia kama hatua 100 kwa dakika, basi kwenye tambarare tafuta wimbo wa midundo 100 hadi 115 kwa dakika, na mlimani teremka chini ya hapo. Kidumbaki, ile taarab ya ngoma za kasi, ni kitamu, lakini kitakurusha, utafika juu huna pumzi. Ukiona huwezi kusema maneno matatu bila kuhema, jua mwili umeshalishinda sikio. Hapo muziki utakuchangamsha tu, uchovu utausikia wote.

Sasa nikwambie muziki ulivyonidanganya mie. Mwezi uliopita, alfajiri, nakimbia Maisara na wenzangu. Masikio yote mawili nimeziba, nyimbo moja baada ya moja, najiona mtoto wa miaka kumi na minane. Shavu la mguu wa kushoto lilianza kunivuta mapema, nililisikia, lakini kwa mbali, kama mtu anayekwita kutoka nyumba ya pili. Nikaongeza sauti. Mzunguko wa tatu likakaza kama kamba ya ngalawa iliyolowa, nikaanguka majanini. Ndipo nikazitoa waya masikioni, na maumivu yote niliyoyakimbia yakaingia kwa pamoja. Wiki tatu nachechemea. Mama kila akiniona napanda ngazi ananiuliza, "Na leo umepigiwa beni gani?"

Kwa hiyo sikio moja liache wazi, shoga. Kwanza uisikie honi ya vespa, maana huko kwenu wanateremka mlima kama hawana breki. Pili uusikie mguu wako.

Wakati nauguza nimejifunza upande wa pili, ambao zamani sikuujali: muziki wa kupoza mwili baada ya zoezi. Nilikuwa nikimaliza kukimbia naendelea na nyimbo zile zile za moto mpaka nyumbani, moyo unadunda hadi chai ya asubuhi. Kijana wa fiziotherapia ndiye aliyeniambia nibadilishe, kwa kuwa muziki wa taratibu baada ya zoezi unasaidia mapigo ya moyo kushuka na mtu kutulia mapema. Nikaenda kwenye taarab asilia, zile bashrafu za zamani zisizo na maneno, udi na ganuni na fidla vinaulizana pole pole. Unajua mie na Malindi, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha tangu 1905, marehemu babu alikuwa hakosi. Nalala jamvini, miguu juu ya mto, bashrafu moja, naweka vidole shingoni nahesabu. Haijaisha, mapigo yameshateremka. Msuli ulipona kwa mapumziko na yale mazoezi ya kunyanyua visigino, fidla haiungi nyama. Lakini bila ya fidla nisingekaa pale jamvini hata dakika tano, unanijua.

Najua utaniambia mama mkwe hapendi nyimbo nyumbani. Mwekee kasida za dufu. Mdundo wake umetulia, unatembeka vizuri, na pengine akatoka na wewe.

Nimekutilia vitu kwenye flashi, anakuja nayo mtoto wa dada, anapanda boti Jumamosi. Faili la kwanza la tambarare, la pili la mlima, la tatu la kujilaza. Usilichanganye la tatu na la pili, utalala kwenye jiwe lako.

Niandikie umefika wapi wimbo wa nne unapoanza. Nataka kujua kama jiwe umelipita.

Wasalimie watoto na mama mkwe.

Mie wako,
Salma

Flashi ni ya kazini, irudi. Na karafuu ije nayo, za safari hii mama keshazichukua.