Pumu iliyokuwa moyo

Mhariri,

Mama yangu alitibiwa pumu miezi mitano katika kliniki moja hapa Kisumu. Usiku alilalia mito mitatu, na jioni alama ya kandambili ilibaki imezama kwenye miguu iliyovimba. Hakuna aliyeshuku moyo, hadi daktari mwingine aliposhika mkono wake, akahesabu mapigo 96 kwa dakika akiwa ameketi tu, akaagiza kipimo cha damu kiitwacho NT-proBNP.

Moyo ukielemewa, kuta zake hutanuka na kumwaga peptidi hiyo, kipande kidogo cha protini, kwenye damu. (Ndugu yake, BNP, iligunduliwa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe. Ndiyo asili ya ile B: brain, yaani ubongo!) Kwa asiyelazwa, ikiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita, huenda tatizo si moyo. Ya mama ilipita 3,000.

Damu ilisafirishwa Nairobi. Tulingoja siku nne na kulipa kutoka mfukoni, mama akihema kama aliyepanda mlima.

Hata mapigo yenyewe si jambo dogo. Utafiti wa SHIFT wa 2010, wenye wagonjwa wa moyo zaidi ya 6,500 waliokuwa na mapigo 70 au zaidi, ulionyesha kwamba kuyashusha kwa dawa iitwayo ivabradini kulipunguza kulazwa hospitalini.

Kaunti ituletee kipimo hicho huku huku. Na wahudumu, kabla ya kuandika pumu, shikeni mkono wa mgonjwa mhesabu dakika nzima.

Msomaji,
Nyalenda, Kisumu