Kitambaa cha macho hakimfundishi mtoto kuishi na kiziwi asiyeona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolishuhudia hapa Tabora Mjini katika Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, ambayo huadhimishwa tarehe 3 Desemba kila mwaka tangu 1992. Katika shule moja ambayo sitaitaja, wanafunzi wa darasa la sita walifungwa vitambaa machoni, wakazibwa masikio kwa pamba, kisha wakaambiwa watembee kutoka kwenye mlingoti wa bendera hadi kwenye mwembe ulio pembeni mwa uwanja, ili waonje maisha ya kiziwi asiyeona. Wapo waliocheka, wapo waliogongana, na binti mmoja aliketi chini akalia. Baada ya dakika kumi vitambaa vilifunguliwa, mgeni rasmi akauliza wamejifunza nini, na mtoto wa kwanza kunyoosha mkono akajibu kwamba amejifunza kumshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wale.

Jibu hilo lilipigiwa makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu kando yangu kwenye benchi alikuwepo mpwa wangu, kijana wa miaka 23, ambaye ni kiziwi asiyeona na ndiye aliyealikwa kuwa mfano wa siku hiyo. Kwa saa mbili tulizokaa pale hakuna mtoto hata mmoja aliyeletwa kumpa mkono.

Siwalaumu walimu kwa nia yao. Mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi na nimewahi kufanya zoezi kama hilo. Kosa lake ni kwamba linampa mtoto hofu ya mtu aliyepoteza kuona na kusikia dakika hiyo hiyo, kisha linamwacha aamini kuwa hofu hiyo ndiyo maisha ya mwenzake ya kila siku. Linampa huruma, na huruma kwetu mara nyingi humteremkia mtu kutoka juu. Halimwonyeshi hata kidogo namna kijana huyo anavyojua kwamba mjomba wake amefika, au kwamba chai imeshachemka.

Uziwi-kutoona si uziwi ukijumlishwa na upofu. Asiyeona hutegemea masikio, na kiziwi hutegemea macho. Anayekosa vyote viwili hawezi kutumia kimoja kufidia kingine, ndiyo maana shule ya wasioona peke yake haimtoshi, wala ya viziwi peke yake. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kuwa watu wenye hali hii kwa kiwango kikubwa ni asilimia 0.2 ya watu wote, yaani wawili katika kila elfu moja. Wengi wao wana mabaki ya kuona au ya kusikia. Wapo waliozaliwa hivyo kwa sababu mama alipata rubela akiwa mjamzito, ugonjwa ambao Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi yake mwaka 2014, na wapo, kama mpwa wangu, waliozaliwa viziwi kisha wakaanza kushindwa kuona usiku, na baadaye wakabaki wanaona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo, mpaka tundu lenyewe likafifia.

Kwa bahati nzuri alikuwa amejifunza lugha ya alama kabla macho hayajafifia, na sasa anaisoma kwa kuweka mikono yake juu ya mikono ya anayezungumza. Kila mtu wa nyumbani ana jina lake la mguso. Langu ni saa ya mkononi: nikifika namgusa bega, mkono wangu unabaki pale pale, naye anaufuata mpaka kwenye kifundo na kuipapasa saa. Niliacha kuvaa saa mwaka juzi ilipoharibika, lakini jina limebaki, na bado ananigusa kifundo kitupu na kucheka.

Sasa naomba, Mhariri, nieleze kilichotokea nyumbani wiki mbili baada ya sherehe ile, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Watoto wa jirani walikuja tulipokuwa tunakamua asali iliyotoka porini kwenye mizinga ya magome. Kazi ya mpwa wangu ni kuchambua masega. Anapitisha ncha za vidole juu ya sega, na pale alipokuta uso laini uliozibwa kwa nta anajua kuwa asali imeiva. Alipokuta matundu wazi anajua kuwa bado ina maji na itachacha ikichanganywa na nyingine. Na alipokuta majana, yaani watoto wa nyuki, anakata kipande hicho na kukitupa kando. Watoto wale walikuwa wanatumia macho na walikuwa wanakosea. Mmoja wao, wa miaka 9, aliomba afundishwe.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kijana hakumkamata mtoto mkono na kuuburura juu ya sega, maana yeye mwenyewe amekamatwa hivyo na watu wengi na anajua unavyohisi. Aliweka mkono wake chini, akamwacha mtoto aweke wake juu, akaanza kazi polepole, ili mtoto afuate kwa hiari na aweze kuuondoa mkono wakati wowote. Wanaofanya kazi na viziwi wasioona huita njia hiyo mkono chini ya mkono, na kwa kawaida ndivyo mwenye kuona anavyotakiwa kumwongoza asiyeona. Siku hiyo mwalimu alikuwa ni yeye. Kisha wote wawili walinusa vipande viwili, wakaonja, na mtoto akamchorea kiganjani alama ya kutabasamu. Hakuna aliyefungwa kitambaa. Mtoto yule sasa hupita kwetu kila Jumamosi, na wala haji kuona mlemavu. Anakuja kwa rafiki yake mwenye asali.

Zipo kazi nyingi za aina hiyo ambazo hazihitaji bajeti: kubangua karanga, kuchambua mchele, kupanga embe dodo na embe sindano kwa umbo na harufu, jambo ambalo mwezi Desemba hapa Tabora halina gharama yoyote. Ipo pia ngoma. Mweke kijana kiganja juu ya ngozi ya ngoma, au mketishe kwenye benchi la mbao karibu na mpigaji, atakuonyesha pale mdundo ulipobadilika kabla wewe hujagundua. Stesheni huwa ananiambia garimoshi linakuja wakati mimi bado naangalia reli tupu.

Watu hupenda kumtaja Helen Keller wa Marekani, ambaye tarehe 5 Aprili 1887 alielewa neno maji pale mwalimu wake, Anne Sullivan, alipomwekea mkono mmoja chini ya bomba na kumtahajia neno hilo kwenye mkono wa pili. Wanaomtaja hukazia ushujaa wake. Mimi naona la maana zaidi ni kwamba mwalimu alikuwa pale bombani pamoja naye, na neno lilikuja kazi ikiwa bado inaendelea. Tena si lazima mtu awe mwandishi mashuhuri ndipo astahili kuwa na mwenzake wa kubangua naye karanga.

Najua lipo swali ambalo wazazi wengi watauliza, nalo ni la haki: je, inafaa watoto na watu wazima wagusane mikono hivyo, hasa mwanamume na mwanamke? Katika mji wetu wenye Waislamu na Wakristo swali hilo lisipuuzwe. Jibu langu ni kwamba wasichana wafanye kazi na wanawake, wavulana na wanaume, mzazi au mwalimu awepo, na mguso uishie mkononi, begani na mgongoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unayataja mawasiliano ya kugusa kuwa ni mojawapo ya njia za mawasiliano. Kumnyima mtu mguso kwa kuogopa maneno ya watu ni sawa na kumfumba mdomo.

Nawaomba basi walimu wakuu wa manispaa yetu waviache vitambaa kabatini tarehe 3 Desemba ijayo, na badala yake watandike mikeka, walete nyungo za karanga na vikapu vya embe, na wawaalike viziwi wasioona waje kufanya kazi pamoja na watoto tangu asubuhi. Mpwa wangu amekubali kuja na masega yake. Ameomba jambo moja tu: anayetaka kumsalimu amguse bega kwanza, na asiuondoe mkono mpaka yeye aushike.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora