Viza ya Turkmenistan haianzii uwanja wa ndege

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala yenu kuhusu Darvaza, lile shimo la gesi linalowaka katikati ya jangwa la Karakum. Mwandishi wenu kalieleza vizuri: upana wa karibu mita 70, ngurumo yake usiku, na lile joto linalokurudisha nyuma upepo unapogeuka. Mimi nimelala pale, najua hakutia chumvi. Ila kuna sentensi moja iliyonifanya niliweke gazeti chini, ile isemayo kwamba viza ya Turkmenistan "hutolewa uwanja wa ndege wa Ashgabat mgeni akishafika".

Si uongo. Ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowala watu nauli.

Kinachotolewa pale dirishani ni stika tu. Mimi nilipokwenda, uamuzi ulikuwa umeshapita wiki kadhaa nyuma katika idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, ukatoka kwa sura ya barua ya mwaliko. Mtalii haiombi mwenyewe. Huombewa na wakala wa utalii wa hukohuko mwenye leseni. Naye wakala haombi kitu mpaka ukubali kununua kwake safari nzima, pamoja na mwongoza watalii na ratiba inayosema kila usiku utalala wapi. Wale tuliozoea kuingia nchi ya watu na begi mgongoni, tukiuliza njia mbele kwa mbele, hapo tunaishiwa ujanja. Bila barua hiyo hata ndege hupandi, kwa sababu shirika la ndege litakuuliza viza yako iko wapi kabla ya mtu wa Ashgabat kukuuliza.

Mimi yalinikuta. Pasipoti yangu ilikuwa imebakiza miezi saba, na kwa kuwa nchi nyingi hutaka isipungue sita, nikaona niibadilishe mapema nisije nikasumbuliwa. Busara hiyo iliniponza. Nilikuwa nimeshamtumia wakala nakala ya ile ya zamani, na barua ilipotoka ikaja na namba ya zamani. Nikamwandikia wakala nikidhani ni jambo la kurekebisha tarakimu chache. Akanijibu kwa adabu kwamba barua haisahihishwi, ombi linaanza upya. Tiketi nikaisogeza mbele kwa faini ambayo mpaka leo sijamwambia mke wangu.

Nilipofika hatimaye, afisa wa dirishani alilaza barua na pasipoti sambamba, akapitisha ncha ya kalamu chini ya namba, tarakimu moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza. Alipomaliza akarudia tangu mwanzo. Halafu zikaja dola za kulipia viza. Noti yangu moja aliiinua kwenye taa, akaona mchaniko usiofika hata urefu wa ukucha, akanirudishia bila neno. (Bebeni noti mpya. Hilo nalo lingefaa kuwamo kwenye makala.)

Jambo jingine ni kunyimwa. Ombi linaweza kukataliwa na sababu isitajwe, na wakala mwenyewe asiambiwe. Kundi letu lilikuwa na mke na mume, walioomba siku moja kwa fomu zilizofanana karibu kila kitu. Mke akapata, mume akakosa. Wakala alichoweza kutuambia ni kwamba imekuja hivyo. Wote wawili wakabaki nyumbani, na tiketi walikuwa wameshanunua.

Najua msomaji mzoefu atasema: lakini kuna viza ya mpito, isiyodai mwongoza watalii. Ipo, na kabla ya 2020 ilitumiwa sana na waendesha baiskeli waliokuwa wakikatiza kutoka Uzbekistan kwenda Iran. Kwa kawaida ilikuwa ya siku tatu hadi tano, imeandikwa tarehe ya kuingia, kituo cha mpakani cha kuingilia na cha kutokea, na ilikupasa uwe na viza ya nchi uendayo kabla ya kuiomba. Balaa lake, kwa waliotaka kutokea kwa meli, lilikuwa bandari ya Turkmenbashi. Meli za kwenda Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, ni za mizigo, zikijaa ndipo zinang'oa nanga, hazina ratiba ya kueleweka. Mtu alikaa gatini akitazama bahari ya Kaspi huku siku za viza yake zikiyeyuka, na zikiisha akiwa bado yuko pale, kosa ni lake, si la meli. Siku hizi njia hiyo haifai hata kuizungumzia, maana Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na ya bahari mwaka 2020 na wageni wameendelea kuingia kwa ndege.

Haraka ya wasomaji naielewa. Januari 2022 rais wa wakati huo, Gurbanguly Berdimuhamedow, aliagiza moto wa Darvaza uzimwe, na mwaka 2025 maofisa wa huko walitangaza kwamba miali imepungua sana. Kila mtu anataka aione kabla haijafa. Ndiyo maana mpangilio wa mambo ni muhimu: wakala kwanza, barua ya mwaliko mkononi, namba ya pasipoti ikaguliwe kwa kidole, kisha tiketi.

Naomba toleo lijalo mchapishe sahihisho, na lisiwe kule chini ya matangazo ya vifo. Mpwa wangu aliisoma makala hiyo Jumamosi. Jumatatu jioni alikuja kunionyesha tiketi ya Ashgabat ya mwezi ujao, ya bei nafuu, isiyorudishiwa fedha. Nilipomuuliza barua ya mwaliko iko wapi, akaniuliza mwaliko wa nani.

Msomaji wenu wa siku nyingi