"Sheria ya Obama" na maneno mengine ya Washington

Ndugu Mhariri,

Kila Washington inapogusa habari ya madini yetu, redio na magazeti ya hapa Bukavu hutangaza kwamba "Marekani imepitisha sheria". Mara nyingi kilichopita ni mswada, tena katika baraza moja tu kati ya mawili ya Kongresi, bunge lao. Mnunuzi wa koltani aliyesikia habari hiyo hajui afunge depo au aendelee kupima.

Kabla ya kuandika kichwa cha habari, tazameni herufi zilizo mbele ya namba. H.R. ni mswada uliozaliwa katika Baraza la Wawakilishi; S. ni wa Seneti. H.Res. au S.Res. ni azimio la baraza moja, yaani maoni yake, haliwi sheria. Mkiona P.L. (Public Law), hapo sasa andikeni sheria.

Katikati kuna safari ndefu. Mswada huanzia kwenye kamati, na mingi huzikwa humo bila kupigiwa kura. Ukiponea, mabaraza yote mawili yapitishe maandishi yaleyale, neno kwa neno, ndipo uende kwa rais. Yeye ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akiukataa, theluthi mbili za kura katika kila baraza zinaweza kumshinda. Akinyamaza huku Kongresi ingali inakaa, mswada unakuwa sheria bila saini yake. Kongresi ikiwa imefunga kikao, unakufa, na wenyewe husema rais ameutia mfukoni. Miaka 2 ya Kongresi ikiisha, kila mswada ambao haujamalizika unatupwa. Anayeutaka aanze upya, kwa namba mpya.

Filibasta ndiyo inayowashinda watafsiri wetu. Kwa sababu wanajua Kifaransa, wanaandika "uharamia". Asili ya neno ni hiyo kweli, lakini leo ni mbinu ya Seneti: walio wachache wanakataa mjadala ufungwe, na kuufunga kunadai kura 60 kati ya 100. Ndiyo maana chama chenye maseneta 53 bado kinaweza kukwama. Mwaka 1957 seneta Strom Thurmond alizungumza saa 24 na dakika 18 akipinga mswada wa haki za kiraia. Siku hizi tishio peke yake linatosha.

Halafu kuna kipengele cha kudandia, yaani jambo linalopachikwa ndani ya mswada wa habari nyingine. Hiyo "Sheria ya Obama" inayolaumiwa kuanzia Kalehe hadi Walikale ni kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank ya Julai 2010, sheria nene ya mabenki. Madini yetu yaliwekwa mwishoni, kwenye mambo mengineyo, kama abiria aliyepanda juu ya mizigo ya Fuso. Nayo haikupiga marufuku kitu. Inazidai kampuni zilizo chini ya msimamizi wa soko la hisa la Marekani zieleze kama kasiteriti, koltani, wolframu au dhahabu yao imetoka Kongo au nchi jirani. Amri iliyosimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, ilitoka Kinshasa.

Sheria ambayo Obama mwenyewe aliipeleka Seneti kwa ajili ya Kongo ipo, ila ni ya Desemba 2006, alipokuwa seneta. Aliyeitia saini ni Bush.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu