Barua ya wazi: Wapimeni watoto wetu hesabu, si kubonyeza kioo

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi unayesimamia upimaji wa madarasa ya chini,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika skuli moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nimenyamaza muda mrefu nikingoja ahadi mliyotupa kikaoni, kwamba vishikwambi vya kuwapimia watoto hesabu vitafika mapema ili wavizoee kwanza. Vilifika asubuhi ya mtihani, Mheshimiwa, vingine havina chaji.

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye msimu wa karafuu humhesabia bibi yake pishi bila kukosea, aliulizwa 4 kujumlisha 3. Alinong'ona "saba", nikamsikia. Akabonyeza, kioo kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, ikatoka 77. Kufuta hajui, na saa inakimbia. Akahesabiwa kosa, akalia, nami nimekatazwa kumsogelea.

Sivipingi vishikwambi. Katika EGMA, ule upimaji wa hesabu wa madarasa ya chini unaotumika nchi nyingi, mtahini ndiye anayekishika: mtoto anatazama karatasi, anajibu kwa mdomo, mtahini anabonyeza, na kishikwambi chenyewe kinahesabu muda. Makosa ya kunakili alama yanapungua, nakubali. Nyinyi mmemkabidhi mtoto ambaye hata simu ya kioo nyumbani kwao hakuna. Nahisi mlitaka kupunguza watahini, maana kumsikiliza mtoto mmoja mmoja kunataka watu na siku.

Na karatasi inanionesha mengi. Mtoto akiniandikia 27 na 15 ni 312, najua pa kumshika: 7 na 5 anajua ni 12, 2 na 1 anajua ni 3, ila kumi lile hajui kulipeleka kwenye makumi. Kesho yake tunakaa na vijiti, tunafunga mafungu ya kumi kumi mpaka aelewe. Kishikwambi kimeniletea neno "kosa" tu. Nimfundishe nini kwa neno hilo?

Sasa tunaambiwa alama hizo ndizo zitakazotumika kuwatenga watoto wasiojua hesabu. Mheshimiwa, zifuteni. Warudieni kwa karatasi, penseli na mtahini anayewasikiliza. Vishikwambi vileteni wavishike muhula mzima, ndipo muwapime navyo. Lakini alama hizi zifuteni, nakuomba sana, na utujibu kwa maandishi kabla skuli hazijafungwa.

Mwalimu wa darasa la pili,
Micheweni, Pemba