Wanandoa wanapotaka kuvunja amana ya pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanandoa wa hapa Uganda walioweka nyumba na ardhi yao katika amana ya pamoja (kwa Kiingereza trust, yaani mpango ambao mali hushikwa na wadhamini kwa faida ya watu waliotajwa, wanufaika), kisha wakataka kuivunja wangali hai, waisome kwanza hati ya amana yenyewe. Katika sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, amana haivunjwi kwa matakwa tu ya walioiunda, isipokuwa hati iwe imewaachia uwezo huo, au wanufaika wote, wakiwa watu wazima wenye akili timamu, wakubaliane. (California, Marekani, huanzia upande wa pili: amana huweza kuvunjwa mpaka hati iseme vinginevyo, kwa hiyo tusinakili hati za huko.)

Linaloniumiza zaidi ni ardhi. Tamko la kuvunja amana, hata likitiwa saini na wote wawili, halibadilishi jina kwenye hati miliki mpaka uhamisho usajiliwe. Tena, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, haimruhusu mmoja kuuza wala kuweka rehani ardhi ambamo familia inaishi bila ridhaa ya mwenzake, naye mwenzake anaweza kuweka zuio (caveat, yaani tangazo rasmi la kulinda haki yake) kwenye hati miliki. Mawakili wawaeleze wake na waume haki hiyo kabla hawajatia saini.

Msomaji,
Jinja